Usonji na Saa: Mtoto Huyo Si Mkaidi

  

Leo naomba tuongee kuhusu jambo ambalo kwenye sherehe zetu watu wanalinong'ona tu, nalo ni watoto wetu wenye usonji, na hasa ugomvi unaotokea majumbani kwa sababu ya saa. Kuchelewa shule. Kukataa kuzima gemu. Kulia kwa sababu mgeni kaja bila taarifa. Kuuliza swali lile lile mara hamsini, "Tunaondoka saa ngapi?" Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mtoto wa namna hiyo ni mkaidi, hana adabu, kadekezwa, dawa yake ni fimbo. Mimi nasema hapana, na leo nitawaeleza kwa nini. Nitawaeleza pia kosa langu mwenyewe, maana mganga hajigangi, na muuguzi naye hukosea nyumbani kwake.

JUMAMOSI AMBAYO SITAISAHAU

Kwa wasionijua, mimi ni muuguzi. Nilisomea kazi hii nyumbani Tanzania, nikafanya kazi wodini miaka kadhaa, kisha nikaja hapa Uingereza ikanibidi nisome tena ndipo niruhusiwe kuvaa sare. Nina miaka arobaini na kitu, na watoto wawili. Mkubwa ana usonji. Sasa ni kijana wa miaka 16 na amenipa ruhusa niandike haya, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake na nisiongeze chumvi.

Alipokuwa na miaka 7, Jumamosi moja asubuhi baba yake alikuwa anatoka kwenda kazini. Mtoto akamuuliza, "Baba, utarudi saa ngapi?" Baba akajibu kama tunavyojibu sote, "Saa mbili nitakuwa nimeshafika, mwanangu." Akafunga mlango akaenda zake.

Sasa basi, nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili. Lakini shuleni mtoto alikuwa ameshafundishwa kusoma saa, na kwenye saa ya ukutani mbili ni mbili. Ilipofika saa nane mchana kwa hesabu yetu, yaani mshale umegusa 2, akavaa koti akaenda kusimama mlangoni. Baba hakuja. Nikamwambia, "Njoo ule, baba atakuja baadaye." Hakula. Akaanza kupiga mlango, kisha kulia, kisha kujigonga kichwa ukutani. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na sikuelewa kitu. Nikampiga vibao viwili. Ndiyo, mimi muuguzi ninayeandika hapa. Baba yake alipofika saa mbili usiku, kama alivyoahidi, alimkuta amelala chini nyuma ya mlango, koti mwilini.

Ilipita karibu wiki kabla sijaelewa, na aliyenifumbua macho ni yeye mwenyewe. Aliniambia, "Baba alisema mbili, akaja nane. Baba ni mwongo."

Ndugu zangu, nilikaa chini jikoni nikalia. Mtoto alimsubiri baba yake saa sita mlangoni kwa sababu alimwamini. Mimi nikamwadhibu kwa kuamini.

USONJI NI NINI, KWA KIFUPI

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza. Hautokani na malezi mabaya, wala mama hakukosea kitu akiwa mjamzito, wala hakuna jirani aliyeroga. Ni tofauti ya jinsi ubongo unavyokua tangu utotoni, na mtu anaishi nayo maisha yake yote. Inagusa mawasiliano, jinsi mtu anavyohisi sauti, mwanga na mguso, na jinsi anavyohitaji mambo yaende kwa mpango anaoujua. Kuna wasioongea kabisa na kuna wenye shahada za chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo ukumbi wetu wa sherehe ukijaa watu 250, hesabu inasema wamo wawili hivi, hata kama hakuna aliyesema.

Daktari Leo Kanner, aliyeandika mwaka 1943 huko Marekani kuhusu watoto 11, tayari aliona kwamba watoto hao wanataka sana mambo yabaki kama yalivyokuwa. Zaidi ya miaka 80 imepita, na bado sisi tunashangaa mtoto akilia kwa sababu tumebadilisha njia ya kwenda shule.

MUDA UNAKUWAJE KWAO?

Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kusoma saa na kuhisi muda ni vitu viwili. Mwanangu alijua kusoma saa kabla ya wenzake darasani. Lakini ukimwambia "bado nusu saa", nusu saa hiyo haikuwa na urefu wowote kwake. Mimi na wewe tuna kitu ndani kinachotuambia kwamba sasa muda umeanza kwenda, jiandae. Watu wengi wenye usonji wanasema kitu hicho kwao ni hafifu, au kinakuja na kupotea. Muda unakuwa wa aina mbili tu, sasa na si sasa. Ndiyo maana kusubiri dakika kumi bila kuona mwisho wake kunaweza kuwa mateso ya kweli, na saa tatu za kitu anachokipenda zikapita kama pumzi moja.

Si wote. Wapo wanaojua ratiba ya treni dakika kwa dakika na wanaofika kwenye miadi saa nzima kabla. Msije mkasema "wa kwangu anawahi, basi hana usonji." Mara nyingi anayewahi sana anapambana na shida ile ile. Hauamini muda, kwa hiyo anajilinda.

Jambo la pili ni umakini. Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wendy Lawson waliandika kwamba akili ya mtu mwenye usonji huelekea kuzama kwenye jambo moja kwa nguvu zote, badala ya kujigawa kwenye mambo mengi kwa wakati mmoja. Fikiria tochi yenye mwanga mkali na mwembamba. Kinachomulikwa kinaonekana vizuri mno, na kilicho pembeni, pamoja na saa ya ukutani, njaa na haja ndogo, kiko gizani. Ukimvuta ghafla kutoka kwenye mwanga huo unamtupa gizani, naye anapiga kelele. Wewe ungepiga pia.

Jambo la tatu ni kuanza na kuacha. Watu wazima wenye usonji wanaeleza kwamba wanaweza kukaa kitandani wanajua kabisa kwamba wanatakiwa kuoga, wanataka kuoga, na mwili hauanzi. Si uvivu. Ni kama gari kwenye mlima bila anayelisukuma. Likishaanza kwenda, kulisimamisha nako ni kazi.

Jambo la nne ni kukumbuka. Utafiti umeonyesha kwamba watu wenye usonji hupata shida zaidi kukumbuka jambo la kufanya "ikifika saa fulani" kuliko jambo la kufanya "likitokea jambo fulani". Shikeni hilo, nitalirudia chini.

MANENO YETU YANAVYOWACHANGANYA

Kiswahili ni lugha tamu na siiachi. Lakini tukubali kwamba kuhusu muda tuna maneno ya kumchanganya mtu yeyote anayechukua neno kama lilivyo.

Tunatoka mlangoni tunasema "nakuja". Mtoto anakuona mgongo. Unaondoka, na unasema unakuja!

Tunasema "sasa hivi", tukimaanisha baada ya kumaliza simu ya shangazi. Tunasema "dakika mbili", zinakuwa arobaini. Tunasema "tutaona", tukimaanisha hapana. Tunasema "inshallah" au "Mungu akipenda", na wakubwa wanajua kwa sauti tu kama ni ndiyo au ni kukwepa. Mtoto wa usonji hasikii sauti hiyo, anasikia neno. Ukimwahidi dakika mbili, anahesabu mbili.

Halafu kuna saa yetu yenyewe, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa watoto wanaokulia huku, kila siku wanaishi na saa mbili zilizopishana kwa masaa sita, ya nyumbani na ya shuleni. Mtoto mwingine anazoea, anabadilisha bila kufikiri. Mwenye usonji anaweza kuzoea pia, lakini lazima mtu amweleze wazi, kwa kuandika. Mimi sikumweleza wa kwangu. Nilidhani ataokota mwenyewe kama nilivyookota mimi utotoni.

Hapa kuna watakaosema, "Basi acha Kiswahili, ongea naye Kiingereza tu." Mimi niliwahi kuambiwa hivyo na mtu mwenye cheo chake. Sikubaliani. Tafiti zilizofanywa kuhusu watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawadhuru. Ukimnyima Kiswahili unamnyima bibi yake, mjomba wake, na mama yake anapoota ndoto. Tatizo halikuwa Kiswahili. Tatizo lilikuwa mimi kusema saa bila kuionyesha.

"MNAMDEKEZA"

Hili nalisikia kila mahali. Shemeji yangu aliona ratiba ya picha kwenye friji yetu akacheka, akasema, "Sisi tulilelewa bila hizo picha na tumekuwa watu." Kwa heshima zote, shemeji, naomba nikuulize wewe na wenzako wote mnaofanya kazi hospitalini, kwenye nyumba za wazee na kwenye maghala. Kuna mmoja wenu anayekubali kufanya kazi bila rota?

Sisi wauguzi tunaipigania rota. Tunataka kuijua wiki nyingi kabla. Tunaipiga picha kwa simu, tunaibandika jikoni. Meneja akitubadilishia zamu ya kesho leo jioni tunawaka moto, tunapiga simu chama cha wafanyakazi. Na sisi ni watu wazima, tunahisi muda vizuri, tunajua Jumanne itafika. Sasa mtoto ambaye hauhisi muda, tunambadilishia siku yake mara kumi bila taarifa, akilia tunasema kadekezwa! Ratiba ya picha ndiyo rota yake. Ni haki yake kama ilivyo haki yako.

Wengine watasema, "Dunia haitambembeleza, bora azoee." Mimi nimekuwa wodini zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mtu aliyefundishwa kuona kwa kunyang'anywa miwani. Anayepewa msaada wa kuuona muda mapema ndiye anayejifunza kujipangia baadaye. Anayepigwa anajifunza kwamba saa ni kitu cha kuogopwa.

Wahenga walisema subira huvuta heri, nami naamini. Lakini anayesubiri lazima ajue anasubiri nini na mpaka lini. Subira bila mwisho unaoonekana, kwa mtoto huyu, ni kifungo.

CHA KUFANYA NYUMBANI

Haya ni mambo niliyoyajaribu mimi na niliyoyaona yakisaidia familia nyingine. Huhitaji kusubiri majibu ya daktari ndipo uanze. Hayamdhuru mtoto yeyote.

1. Uonyeshe muda. Nunua taima inayoonyesha rangi ikipungua, au kichupa kile cha mchanga unaoshuka. Mtoto anaona kilichobaki bila kuhesabu. Angalizo: kama anaumizwa na sauti, tafuta isiyogonga wala kupiga kengele kali.

2. Ratiba ya picha. Kuamka, kupiga mswaki, kuvaa, chai, viatu, shule. Mdogo sana mpe picha mbili tu, "kwanza" na "halafu". Kwanza viatu, halafu bembea. Njia hizi za kuonyesha kwa picha zimetumika tangu miaka ya 1970 katika mpango wa TEACCH ulioanzishwa North Carolina na Eric Schopler, na zimesambaa duniani. Hata aliyekua anaihitaji, inabadilika tu ikawa kalenda ya simu.

3. Toa taarifa kabla ya kubadilisha shughuli. "Bado dakika kumi. Bado tano. Bado moja." Halafu mpe mahali pa kusimamia, kama "ukimaliza ngazi hii ya gemu, unazima." Kukata katikati ndiko kunakoleta vita.

4. Funga jambo kwenye tukio, si kwenye saa tu. Hapa ndipo narudia lile la kukumbuka. Badala ya "meza dawa saa mbili", sema "ukimaliza chai, meza dawa", na kichupa kikae karibu na kikombe. Kama muuguzi nalisisitiza hili, kwa sababu kifafa huonekana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, na dawa za kifafa hazitaki kurukwa. Weka na kengele ya simu pia.

5. Kuwe na saa moja iliyoandikwa. Sisi tuliamua hivi: tunaendelea kusema kwa Kiswahili, lakini kwenye ubao wa jikoni tunaandika tarakimu za saa ya ukutani. "Baba atarudi saa mbili usiku", na pale ubaoni 20:00. Bibi yake akipiga simu kutoka nyumbani na kusema atapiga tena saa tatu, mwanangu humuuliza, "Tatu ya bibi au tatu ya ukutani?" Bibi sasa ameshazoea, anacheka, anasema "ya bibi", na mtoto anajumlisha sita kichwani. Kumbukeni pia kwamba hapa Uingereza saa zinasogezwa mwezi Machi na Oktoba, kwa hiyo tofauti na nyumbani inakuwa saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi. Mwonyeshe kwenye kalenda wiki moja kabla.

6. Weka alama ya mabadiliko. Hatuwezi kuzuia kila kitu, mabasi yanachelewa na wageni wanakuja. Sisi tuna kadi moja yenye alama ya kuuliza. Ikikaa kwenye ratiba maana yake "hapa hatujui bado". Ajabu ni kwamba hiyo kadi inamtuliza. Kujua kwamba hatujui ni bora kuliko kudanganywa. Na ndugu, mkija kwetu, tumeni ujumbe hata nusu saa kabla. Hatuwafukuzi, mgeni ni baraka. Tunaomba dakika za kumwandaa mwenzetu.

7. Rota yako iwe na yake. Kama unafanya zamu za kubadilika, mchoree: jua kwa siku mama yuko kazini mchana, mwezi kwa siku yuko kazini usiku, nyumba kwa siku yuko nyumbani. Mtoto wangu aliacha kuniuliza usiku kucha siku nilipoanza hilo.

8. Kula, kunywa, choo. Wengi hawahisi vizuri dalili za mwili. Anaweza kukaa tangu asubuhi hajanywa maji na hajisikii kiu mpaka kichwa kinauma. Weka kwenye ratiba. Usingizi nao huwasumbua wengi, kwa hiyo saa ya kulala iwe na hatua zile zile kila siku. Usimpe dawa ya usingizi uliyopewa na rafiki, muulize daktari.

9. Acha "nakuja" ukiwa unaondoka. Sema "naenda dukani, nitarudi mshale ukifika hapa." Na ukichelewa, piga simu useme umechelewa. Omba msamaha. Mtoto anayeombwa msamaha anajifunza kuomba.

KWA WATU WAZIMA MNAOSOMA

Huenda umesoma mpaka hapa ukasema, "Huyu ni mimi." Umefukuzwa kazi mbili kwa kuchelewa. Au una miadi saa tisa mchana na tangu asubuhi huwezi kufanya kitu kingine, umekaa tu umevaa viatu. Au ndugu zako wanakuita mvivu, na wewe mwenyewe umeshaanza kuamini.

Wengi wa rika langu, hasa wanawake, walikua bila mtu yeyote kutambua. Walijifunza kuficha, na kuficha kunachosha mpaka mtu anaugua huzuni. Nenda kwa daktari wako wa familia, yule tunayemwita GP, mweleze kwa mifano ya kila siku, hata uiandike kwenye karatasi. Inawezekana si usonji, au si usonji peke yake, kwa sababu hali ya kukosa utulivu wa umakini iitwayo ADHD mara nyingi huandamana nao na nayo inavuruga muda. Ndiyo maana nasema upimwe, usijipime mwenyewe kwa intaneti.

HAKI ZAKO

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka waajiri, shule na hospitali hapa wafanye marekebisho ya busara kwa mtu mwenye ulemavu, na usonji unaweza kuingia humo. Kazini unaweza kuomba maelekezo ya maandishi, zamu zisizobadilika ghafla, au muda wa kuanza unaoeleweka. Mpango wa serikali wa Access to Work unaweza kusaidia gharama za msaada kazini.

Hospitalini, usikae kimya. Omba miadi ya kwanza kabisa asubuhi ili msisubiri, au omba mkae nje kwenye gari mpigiwe simu zamu ikifika. Nimekuwa upande wa pili wa meza, nawaambia, tukijua mapema tunaweza. Tusipoambiwa tunaona mtoto anayepiga kelele tu.

Shuleni kwa walioko England, kila shule ina mwalimu anayesimamia mahitaji maalumu, anaitwa SENCO. Mwombe mkutano kwa barua. Shule inatakiwa imsaidie mtoto kwa kuangalia shida yake, si lazima kwanza awe na cheti cha daktari. Shida ikiwa kubwa unaweza kuomba tathmini ya mpango uitwao EHCP, na mzazi mwenyewe anaruhusiwa kuomba kwenye halmashauri. Walioko Marekani waulize shuleni kuhusu mpango uitwao IEP. Foleni ya kupimwa huku ni ndefu, inaweza kuwa miaka, kwa hiyo ingia kwenye foleni mapema huku ukianza ratiba ya picha nyumbani.

Na jambo moja la haraka: mtoto aliyekuwa anaongea akaacha kuongea, au anayeganda macho kwa sekunde kadhaa na hasikii ukimwita, au aliyebadilika ghafla, mpeleke kwa daktari bila kusubiri. Si kila kitu ni usonji. Huenda ana maumivu na hawezi kusema.

NENO LA MWISHO

Wiki iliyopita tulikuwa tunajiandaa kwenda kwenye harusi ya jamaa. Kadi ilisema saa nane mchana. Mwanangu aliisoma, akanitazama, akauliza, "Mama, hii ni saa nane ya kweli, au saa nane ya harusi?" Nikamwambia ukweli, kwamba ni ya harusi, bibi harusi hataingia kabla ya saa kumi. Akaandika ubaoni 16:00, akaweka pembeni kadi ya alama ya kuuliza, akarudi kwenye kitabu chake. Tulifika tukiwa watulivu. Bibi harusi aliingia saa kumi na moja kasoro, na kijana wangu hakulia wala hakukasirika, maana hakuna aliyemdanganya.

Kama na wewe uliwahi kumpiga wako kwa sababu ya saa, sikuhukumu. Nenda leo kamwombe msamaha, halafu utafute ubao na kalamu.

Maelezo haya ni ya kuelimisha, hayachukui nafasi ya daktari wako. Maswali leteni, nitajibu nikitoka zamu. Nikisema Jumapili ni Jumapili, nimeshaiandika ubaoni.

Wenu katika afya,
Muuguzi wenu